Baba wa Kuapiwa

Kitui, 4 Novemba 1988

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa nyanya yangu, Susu. Goti lake linaendeleaje? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaochemka.

Leo nimenyimwa kitambulisho. Karani aliuliza nilizaliwa wapi. Nikasema Moshi, ulikokwenda kuchuma kahawa mwaka wa njaa. Baba? Nikamtaja Nzuki, mume wa Susu.

“Huyu alikufa sitini, wewe umezaliwa sitini na tisa. Alikuzaa akiwa kaburini?”

Foleni nzima ikacheka. Nikamweleza kwamba Susu hakujaliwa mtoto, akakuoa wewe iweto, mke wa mwanamke, ili nyumba ya marehemu isizimike; watoto wako ni wa Nzuki.

“Hiyo ni sheria ya Wakamba, dada. Ya serikali inasema aliyezaliwa nje hufuata uraia wa baba. Mama hahesabiwi.”

Wewe uliyenibeba huhesabiwi! Januari chuo cha ualimu kinafunguliwa, na bila kitambulisho hawanipokei. Aliyenizaa hasa ni nani?

Mwanao,
Mutindi

Kanyangi, 13 Novemba 1988

Mwanangu,

Amani ya Bwana ikukute. Sisi hatujambo, ila jua limekaza na goti bado.

Aliyekuzaa ni dereva wa lori, mtu wa kule kule Tanzania. Jina lake halitakusaidia.

Lakini Mutiso wa Kalamba, mtoto wa ndugu yake Nzuki, yuko tayari kuapa kwa chifu kwamba ni baba yako. Anataka shamba la Susu, maana anasema baba wa mtoto ndiye mwenye nyumba. Susu alimtukana. Anasema umwambie huyo karani: “Mbuzi wa mahari nilitoa mimi. Mutiso alitoa nini?”

Mama yako

Kitui, 20 Novemba 1988

Mwaitu,

Natumaini mko salama.

Msikubali! Mutiso hajawahi kunipa hata kikombe cha maji. Akiapa kuwa baba yangu, wewe umekuwa mke wake, na Susu mgeni kwenye shamba alilolima miaka arobaini. Karani anasema naweza kuomba uraia kama mtu wa nje, nami nitaomba, hata chuo kinipite. Ni aibu, lakini ni aibu yangu peke yangu.

Mwanao

Kanyangi, 12 Desemba 1988

Mutindi mwanangu,

Hujambo? Sisi tupo.

Usinikasirikie. Susu alikwenda kwa chifu mwenyewe, na goti lile. Mutiso akaapa, Susu akatia kidole kumwachia shamba. Nilipolia aliniambia, “Nyamaza. Shamba haliendi shule. Mtoto anakwenda.” Nenda kachukue kitambulisho chako. Mutiso ameshafunga ng'ombe wake mlangoni petu, na jana alimwamuru Susu amletee maji ya kunawa.

Susu alimletea.

Mama yako

Kitui, 6 Januari 1989

Mwaitu,

Heri ya mwaka mpya kwenu wote wawili.

Kitambulisho nilikipata Jumanne. Kimeandikwa Mutindi Mutiso. Nilikitazama mpaka macho yakauma, kisha nikarudi kwa karani na kukiweka mezani.

“Huyu si baba yangu. Ameapa uongo.”

“Wewe binti, una wazimu? Ushapewa Kenya, unairudisha?”

“Nairudisha. Andika nilichosema, nitie sahihi.”

Aliandika. Chuo wamempa mwingine nafasi yangu. Kuanzia leo mimi ni mtu wa nje anayeomba kukubaliwa, na karani anasema majibu huchukua miaka.

Nakala ya maneno yangu, yenye muhuri, ninayo. Jumamosi naja nayo kwa chifu, kiapo kifutwe.

Mwambie Mutiso afungue ng'ombe wake.

Mwana wa nyumba ya Nzuki,
Mutindi