Maji Yenye Macho

Gurei, Juba
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na Baba mpe shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, najua yuko hapo kando anasubiri. Goti lake limepata nafuu? Mvua imefika huko Voi, au bado mnatazama mawingu yakiwapita? Mimi ni mzima. Barua hii nimeianza mara tatu na kuichana mara tatu, kwa hiyo hii ya nne naituma hivyo hivyo, hata ikiwa na mistari niliyoikata. Siwezi kukaa kitako. Naandika kidogo, nasimama, nakwenda mlangoni, narudi.

Uliniuliza kwa nini nimenyamaza miezi mitatu. Mama, kuna neno nililifundisha darasani likanitoka mikononi.

Nilikwambia kwamba tangu amani ije watu wengi wamerudi kutoka Uganda. Wasichana wangu karibu wote wamekulia huko ukimbizini. Vitabu vyao ni vya Kiingereza, sokoni ni Kiarabu cha hapa Juba, lakini somo likiwa gumu wananiambia, "Madam, sema na Kiswahili." Siku moja walilalamika kuhusu bomba jipya la mkono lililochimbwa karibu na shule. Maji yake hayatoi povu. Unasugua sabuni mpaka inakwisha, na nguo inabaki na utando mweupe. Nikafurahi, maana hilo lilikuwa somo lenyewe limekuja kwa miguu yake.

Nikawaambia maji yale yametoka chini kwenye mawe, yamebeba chembe za chokaa ndogo mno, zenye chaji ya umeme. Chembe za namna hiyo huitwa ioni. Neno limetoka katika Kigiriki, maana yake kitu kinachokwenda, kwa sababu ukitumbukiza nyaya mbili za betri majini chembe hizo hazitulii, hizi hukimbilia waya huu na zile waya ule. Chumvi ikiyeyuka inakuwa ioni. Betri ya lori haitoi umeme bila ioni. Hata damu yetu inazo, na moyo haupigi bila hizo. Hizi za chokaa huidaka sabuni kabla haijatoa povu, basi, mnywaji hazimdhuru. Nililitamka neno kama lilivyo katika vitabu vyao vya Kiingereza: ayoni.

Mbele kabisa hukaa msichana aitwaye Keji, mwepesi wa kuelewa, ambaye mama yake huuza mboga soko la Konyo Konyo. Jioni ile Keji akamweleza mama yake kwa nini sabuni inakwisha upesi: maji yana ayoni. Mama, kwa Kiarabu uyun ni macho. Asubuhi yake sokoni habari ilikuwa kwamba mwalimu Mkenya amesema maji ya bomba yana macho. Kufikia mchana macho hayo yalikuwa yanatazama matumbo ya wanawake. Na wiki hiyo hiyo jirani yao mmoja, Mariamu, akaharibikiwa na mimba ya miezi mitano.

Bomba likabaki peke yake. Niliwaona wanawake wakilipita na madebe yao kichwani kwenda mtoni, karibu mwendo wa saa nzima, nikadhani limeharibika. Nilipomuuliza Keji akaanza kulia, ndipo nikaambiwa yote. Siku chache baadaye watoto wa mtaa wakaanza kuhara. Mdogo wake Keji, Wani, mwenye miaka minne, akapelekwa hospitali.

Nilikwenda kumwona. Mtoto alikuwa amenyauka, macho yamezama ndani, na juu yake imetundikwa chupa ya dripu. Ndani ya chupa ile mlikuwa na maji na chumvi, yaani ioni zile zile, zinamrudishia uhai. Nikatamani kumwambia mama yake. Yeye akanitangulia.

Mama Keji alinitazama, akasema, "Madam, wewe mtu ya kitabu. Maji iko na macho, kwa nini hukuambia sisi mapema? Mariamu amepoteza mtoto."

"Mama Keji, sikusema macho. Nilisema ayoni."

"Ndiyo," akasema, akajigusa chini ya jicho. "Uyun."

Nilieleza mpaka jasho likanitoka. Kila nilipolitaja neno nilizidi kuliharibu. Mwalimu mkuu naye akanishauri niache, mimi ni mgeni, serikali itatuma mtu. Lakini ningeachaje? Nilikuwa nikisimama ubaoni nawaona watoto wa Gurei badala ya wasichana.

Jumamosi nikabeba debe langu na kikombe nikaenda bombani asubuhi, wakati wanawake wanapopita. Nikapampu, nikakinga, nikanywa mbele yao. Wakasimama kuangalia. Mmoja akacheka. "Huyu hana mimba," akasema. "Macho itatazama nini kwake?"

Mama, hapa ndipo nilipozichana zile barua tatu. Nina mimba. Wakati ule ilikuwa ya miezi minne. Nilimwambia mume wangu Yosia peke yake, naye yuko kwenye ujenzi wa daraja njia ya Torit, nyumbani huja mara moja kwa mwezi. Sikukwambia wewe kwa sababu ya yule wa mwaka jana. Wewe ndiye uliyemfunga kile kitambaa, ukamtoa chumbani nisimwone. Nilijiapiza kwamba safari hii sitafungua mdomo mpaka tumbo lenyewe liseme.

Sasa nimesimama pale na kikombe mkononi. Nikasema, "Mimi nina mimba."

Hawakuamini. Mama Keji akaweka debe chini, akaja, akanipapasa tumbo chini ya kitovu kwa vidole vyake vigumu, mbele ya watu wote. Akainua kichwa. "Kweli. Iko." Kisha akasema taratibu, "Kama hapana macho, kunywa."

Nikajaza tena kikombe. Na sasa nikwambie ukweli ambao sijamwambia hata Yosia. Najua kilichomo katika maji yale, nimekifundisha, ningeweza kukiandika ubaoni nikiwa nimefumba macho, lakini kwa kitambo nilisita kama mwanamke yeyote wa Gurei. Nilikiona tena kile kitambaa cha mwaka jana. Halafu nikanywa mpaka mwisho.

Wakabeba madebe yao, wakaenda zao mtoni. Nikarudi kesho yake, na kesho kutwa, kila asubuhi kabla ya shule. Nilikuwa nateka, nanywa, nafua gauni langu kwa ile sabuni isiyotoa povu, nao wanapita wananikagua tumbo. Siku ya tisa Mama Keji alikuja na debe lake bila kunisalimia, akashika mpini wa bomba na kuanza kupampu. Wani alikuwa ametoka hospitali jana yake, yumo mgongoni mwake. Wiki iliyofuata kulikuwa na foleni, wakigombana nani alitangulia. Ugomvi ule niliusikiliza kwa raha, Mama.

Ungedhani sasa nimetulia. Alhamisi Mariamu alikuja kwangu. Sikuwahi kuzungumza naye. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, akaikataa chai.

"Madam, mimi nimesikia wewe unasema hapana macho," akasema. "Sawa. Kama si macho, nini ilichukua mtoto yangu?"

Nilitafuta jibu katika yote niliyosoma. "Sijui, dada," nikamwambia. "Na wangu wa kwanza sijui vilevile. Niliwauliza madaktari, nao hawakujua."

"Na wewe ulipoteza?"

"Mwaka jana. Mvulana."

Kisha akaomba maji. Nikamletea katika kikombe, akajua yametoka wapi, akakishika kwa mikono miwili bila kunywa. Aliuliza kama tulimpa jina. Nikasema ndiyo, nikalitaja, mara ya kwanza kulitaja tangu tumzike. Akalirudia polepole, akaniambia la wake. Ndipo akanywa nusu, akanirudishia kikombe, nikamalizia.

Yosia anataka nipande ndege ya Nairobi mimba ikifika mwezi wa saba ili nijifungulie kwenu. Mama Keji anasema ataniuguza yeye. Asubuhi nafunga sanduku, jioni nalifungua. Usinifiche lililo moyoni mwako. Ukisema nije, nitakuja.

Nisalimie shangazi wa Mwatate, na kaka Mwadime na mkewe, uwaambie wasinikasirikie kwa kuwa wa mwisho kujua. Baba mwambie wewe, kwa wakati wako.

Mwanao anayekuwaza kila saa,
Salome