Salon Inakuwa Kidogo

Kwa Mama yangu wa Kongolo,

Salaam kwako, Mama, na kwa kila mutu mwenye kulala mu lupangu, mu kiwanja yetu. Muguu yako ya kushoto namna gani, ingali inavimba? Usinifiche. Nikiuliza ku simu unasemaka tu "niko muzuri", kisha nasikia kwa batu kama unapandaka juu ya kiti kwa kushimika mabati. Njo maana naandika. Barua hauwezi kuinyamazisha.

Mi hapa Kolwezi niko muzima, vumbi tu njo inatusumbua. Malori ya mugodi inapita toka asubui. Unapanguza meza, unageuka, unaweza kuandika jina yako juu yake tena. Lakini nakula, nasali, na kazi iko. Na ile kazi, Mama, sijui nitakuelezea namna gani.

Unajua nilijifunza kuchora ma plan, ramani ya manyumba, mi peke yangu, mu ma vidéo ya telefone. Nilikuwa nawaza plan ni karatasi, mutu moja anachora, ingine anangojea. Hapa ku bureau, ku ofisi yetu, hapana. Plan inakaa mu internet, unaifungua tu vile unafunguaka habari mu telefone. Architecte, mwenye kupanga nyumba, iko Lubumbashi, mutu wa ma fer à béton, ile byuma ya kutia mu zege, iko Likasi, mi niko hapa, na shiye bote tuko mu nyumba ile moja saa ile moja. Kila mutu anaonekana kama kamushale kadogo kenye rangi yake, na jina pembeni. Siku ya kwanza niliona mushale ya architecte inasukuma ukuta, na ukuta inaenda. Nilitosha mukono ku souris, kale kenye kusukuma mushale.

Tata Kabeya, muzee mwenye kukaa ku meza ya pembeni yangu, akacheka.

"Zaina, unaogopa nini? Haiko muzimu."

"Sasa yee ananiona?"

"Anakuona. Rudisha mukono, atawaza unalala."

Mpaka leo sijazoea. Naingiaka mule pole pole, kama mutu anaingia fasi ya ibada.

Sasa sikia kitu yenye ilinifanya nikamate kalamu. Toka matanga ya Tata mwenye alituzaa, kaka yangu mukubwa Yaya Radjabu na mi hatusemezani, unajua. Yee alisema tuuzishe lupangu juu ya vile mvua iliangusha nyumba ya nyuma, na mutu wa kununua alikuwa amemupata, mi nikamujibu mubaya mbele ya batu, yee akatoka ku mulango akisema hataweka tena muguu mule. Na weye ulituambia: mupatane, kama hapana nitauzisha, nitaenda kukaa kwa shangazi yenu. Ile neno njo ilikuwa inaninyima udongo ya kusimamia. Yaya iko anaendesha camion, lori kubwa, hapa karibu, ku Tenke, na hata siku moja hatujaonana.

Basi nikaomba patron, mukubwa wa kazi, ruhusa, saa ya kula, nikachora nyumba yako mupya, ya kujenga fasi ya ile yenye ilianguka, na bipimo bya Tata mudogo Hamisi, bile alipima lupangu na hatua yake. Nikamutumia Yaya ku telefone njia ya kuingilia mu plan. Sikuandika neno, niliogopa. Hakujibu.

Alhamisi yenye kupita, nilikuwa nakuwekea jiko ya inje, fasi ya mbabula ya makaa, mushale mwekundu ukatokea. Jina: Radjabu.

Ule mushale ulisimama ku mulango ya lupangu. Haukusogea. Nikawaza connexion ya internet imekatika. Kisha ukaanza kutembea pole pole, ukafuata kibambazi, ukaenda mpaka fasi kulikuwa chumba ya Tata, ukasimama tena. Halafu ukaingia mu salon, chumba ya kupokelea bageni, ukazunguka kona kwa kona. Mama, ni vile anatembeaka akikasirika, mikono nyuma. Nilimujua ku mutembeo.

Kisha maneno ikatokea pembeni ya mulango:

"Hii mulango unaielekeza ku jua ya mangaribi. Unataka Mama apikwe?"

Nikaandika: "Salaam, Yaya."

"Salaam baadaye. Geuza mulango."

Nikageuza. Nikangojea aseme habari ya kuuzisha. Yee akakamata ukuta ya salon, akaisukuma. Akaisukuma tena. Sasa inaenda kuingia mu jiko yako.

"Yaya, unaenda wapi na ukuta?"

"Salon inakuwa kidogo. Tukikuya bote na batoto, tutalala wapi?"

Soma tena, Mama. Tukikuya bote. Nilisomea Tata Kabeya kwa sauti, nikashindwa kumaliza. Akatosha malunette yake ya macho, akaipanguza.

"Sogeza jiko," akasema. "Yaya yako anakuya na ukuta, weye unaangalia tu."

Nikasogeza. Mi hapa Kolwezi nasukuma jiko, yee mu cabine ya camion ku Tenke anasukuma ukuta, na kwako Kongolo hata tofali moja haijawekwa. Hatukuombana samaha. Kabla ya kutoka aliandika: "Ule mutu wa kununua, nitamuambia mi mwenyewe aende." Kisha mushale ukapotea, na ukuta ikabakia fasi aliiacha.

Unisalimie Tata mudogo Hamisi, umuambie hatua yake haikudanganya. Usalimie shangazi, asipange kitanda, hauendi kwake. Na mutoto wa jirani, Asha, mwenye telefone ya muzuri, umuambie namuomba kitu.

Chumba yako hatujachora. Nilitaka kuanza, Yaya akakataza: "Ile ni ya Mama, usiiguse." Ijumaa ukitoka kusali, Asha akufungulie nyumba mu telefone yake, aandike jina yako, na weye uweke kidole fasi unataka chumba yako. Utakuta mishale mbili inasimama inje ya lupangu, ule mwekundu na wangu. Hatutaingia kabla yako.

Binti yako,
Zaina