Nyuma ya Ochola

Westlands, 4 Juni 2001

Kaka Tobias,

Habari za Mutuini? Shemeji na watoto hawajambo? Huku tu wazima. Veronicah amebakisha wiki chache ajifungue. Miguu imevimba, lakini bado ananigombeza, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Miaka sita nimetunza stoo ya kampuni hii ya ulinzi nikiona walinzi wetu wakinyeshewa langoni bila koti. Ukikaa chini, unakatwa mshahara wa siku. Sasa amejitokeza Ochola, mlinzi kama wao. Aliingia kwa meneja peke yake, akatoka na makoti na viti. Viti, kaka! Akihutubia, wanaume wazima wanalia. Jumamosi aliniita kwa jina mbele ya watu mia, nikajiona mtu.

Mdogo wako,
Ajwang

Mutuini, 11 Juni 2001

Ajwang,

Salamu zimefika. Hapa ni mafua tu. Veronicah aendelee kukugombeza, hajamaliza kazi.

Makoti na viti ni haki yao, na huyo bwana ana moyo. Lakini watu wa aina yake nimewasoma tangu unanyonya. Huanza kwa kuwatafutia watu viti, kisha hutafuta cha kwao. Atawauza. Muulize swali moja gumu hadharani. Akikasirika, toroka.

Kaka yako,
Tobias

Westlands, 2 Julai 2001

Kaka,

Mafua yamepungua? Leo tumepiga kura ya mgomo kwa mlolongo: wanaoutaka nyuma ya Ochola, wasioutaka ukutani. Ukutani hakusimama mtu. Tunaanza kesho. Maswali wawekee wanafunzi wako, mwalimu.

Mdogo wako,
Ajwang

Mutuini, 20 Agosti 2001

Ajwang,

Mko wazima kweli? Mbona kimya? Nasikia mmefukuzwa wote. Yule tapeli alinunuliwa kwa bei gani? Nilikwambia! Mlete mkeo huku, chumba kipo.

Kaka yako,
Tobias

Mountain View, 9 Septemba 2001

Kaka Tobias,

Natumaini nyote hamjambo. Tumepata msichana. Veronicah anafulia watu nguo, mtoto mgongoni.

Ochola si tapeli. Alifukuzwa wa kwanza, sasa anabeba mawe. Angekuwa amenunuliwa, ningepumua.

Wiki moja kabla ya kura, stoo yangu ililetewa sare mpya mia moja. Nilizipokea kwa sahihi yangu. Nikajua walinzi wengine wameshaajiriwa, wanangoja sisi tutoke. Siku ya mlolongo Ochola alisimama mbele yangu. "Ajwang, wewe unaona mambo ya ndani. Kuna jambo?" Watu wote wakanitazama. Nikasema, "Hakuna, Kamanda. Twende!"

Akanikumbatia, wakanishangilia. Sijawahi kufurahi vile.

Jana alikuja kumwona mtoto. Akaniuliza tulikosea wapi. Nikamwambia sijui.

Mdogo wako,
Ajwang