Goti Langu na Kigoda cha Mama

Jumamosi. Jua limewaka tangu asubuhi bila huruma, na sasa naandika nikiwa nimenyoosha mguu juu ya kitanda cha mama, goti limefungwa kitambaa cha maji baridi.

Nimefika kwa miguu. Acha nirudie: nimefika kwa miguu.

Tangu ile ajali ya bodaboda iliyoniumiza goti, kuja nyumbani kumekuwa kugumu kwangu, na si kwa sababu ya umbali. Kwetu Usukumani mtoto wa kike hamwamkii mama yake akiwa amesimama wima. Anapiga goti. Mimi Shija, niliyezaliwa nyuma ya mapacha, fundi cherehani wa mjini Shinyanga, goti langu lilikataa kukunjika. Kwa hiyo kila nikija mama ananiwekea kigoda mlangoni, nakaa, namwamkia kama mgeni aliyetumwa na ofisi ya kata. Hajawahi kulalamika. Ila kile kigoda kiliniuma kuliko mshono wa hospitali, na ukweli ni kwamba nilianza kutafuta visingizio vya kutokuja.

Nikaanza mazoezi kimyakimya chumbani, mikono imeshika kitanda, nashuka kidogo kidogo. Mwezi huu goti likagusa sakafu. Nikajiambia safari hii sipandi pikipiki. Nitapita njia yetu ya utotoni, ile ya makorongo, nifike nimpigie goti mama yangu mzazi.

Dada Doto, mmoja wa wale mapacha, akakataa kuniacha niende peke yangu. Ana mdomo huyo. "Uliwe na fisi huko korongoni, halafu mimi ndiye niulizwe?"

Basi lilituteremsha mbele ya Kolandoto, tukafuata njia ya ng'ombe. Nilikuwa nimesahau nchi yetu inavyokuwa kiangazi. Makorongo yamechimbwa na mvua za miaka mingi, kuta za udongo zinakupita kichwa, chini ni mchanga na alama za kwato. Juu ya kila ukingo majabali yamebebana. Kivuli ni cha migunga tu, nacho unagombania na miiba.

Kushuka ndiko kulikonitisha. Goti bovu likipanda linapanda kwa hasira, lakini kwenye kushuka linataka uliamini, na mimi sijaliamini bado. Korongo la pili nililishuka kwa makalio. Doto alicheka mpaka akakaa chini.

Mtoni hakukuwa na maji, mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo. Tulikuta kisima kimefukuliwa katikati, kimefunikwa matawi ya miiba ili ng'ombe wasikivuruge. Tukachota yale maji ya juu tukamwaga, tukangoja mengine yatulie, tukanywa na kutafuna matobolwa, vile viazi vyetu vya kuchemsha na kukausha. Kisha nikakifunika tena nilivyokikuta.

Ndipo nikasikia pikipiki.

Doto akaangalia pembeni. Kumbe alimpigia simu bodaboda wa kijijini, baba mmoja mtu mzima, aje atusubiri pale. "Umeshajitahidi, mdogo wangu. Kilichobaki ni ule mlima wa mawe. Nani atakulaumu?"

Hakuna ambaye angenilaumu, na hilo ndilo lililoniudhi. Goti lilikuwa limevimba na nilitamani sana kukaa. Lakini nikipanda ile pikipiki, nafika kwa mama nikiwa yuleyule wa kigoda.

"Panda wewe," nikamwambia.

Na akapanda! Mlinzi wangu akajipakia, wakazunguka kwa njia ya chini, mtandio unapepea, akaniachia fimbo na chupa ya maji. Nilicheka peke yangu nusu ya mlima. Nusu nyingine nililia kidogo, kwa maumivu tu. Kule juu nikageuka, nikayaona makorongo yote niliyoyapita mpaka upande wa barabara. "Shija, umeweza," nikasema kwa sauti. Nimejisifu, na kesho nitajisifu tena.

Uani kwa mama, ndani ya uzio wa minyaa, Doto alikuwa tayari na kikombe cha uji mkononi. Mama amekaa mlangoni. Kigoda kiko mahali pake.

Nikakisogeza kando. Nikaweka fimbo chini. Nikashuka taratibu hadi goti likagusa vumbi.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia mama kwa salamu yetu ya jioni.

Mama alilitazama goti, akanitazama usoni, akalitazama tena goti. "Mwadila," akaitikia. Kisha akaniuliza habari za mjini, za kazi, za wateja, za afya, salamu zetu zile ndefu zisizokatishwa, nami nikajibu zote nikiwa palepale chini. Sijawahi kufurahia salamu namna hiyo.

Tatizo likaja kwenye kuinuka. Chumbani kwangu huwa nashika kitanda. Hapa hapakuwa na kitanda.

Doto akaangua kicheko. Mama akainuka, akainama mbele yangu, akanipa bega. "Shika hapa," akasema. "Hata ulipoanza kusimama, ulishika hapahapa."

Nikashika, nikasimama.

Kesho goti litaamka na lake la kusema, acha liseme. Kigoda jioni hii kimekaliwa na Doto. Anasema miguu inamuuma.