Hilda wa Sura ya Saba

Shangazi Mwantum wa redioni, huenda nakuzidi umri, lakini kwa hali niliyonayo nakuamkia shikamoo na nakuomba uniokoe kabla ukoo haujaitisha kikao. Mimi ni fundi mstaafu wa pampu za visima virefu, nimezifunga na kuzifumua mkoa huu mpaka mgongo ukaanza kulalamika, na nilipostaafu nikatulia nyumbani kwangu Miyuji, ila kutulia kwenyewe kukanishinda, nikawa nafungua kila bomba la nyumba kuliangalia, mpaka siku nilipofumua friji ambalo halikuwa na tatizo lolote, mke wangu Yasinta akasema, “Baba Elieth, nakuomba tafuta kitu cha kufanya, chochote, hata kuandika vitabu,” nami nikamtii, nikaanza riwaya.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, kila jioni baada ya chai namsomea nilichoandika, yeye anachambua karanga huku anasikiliza. Sasa Shangazi, mimi kubuni sikuzoea, kazini ukibuni kipimo mota inaungua na kijiji kizima kinakosa maji, kwa hiyo niliandika vitu ninavyovijua: shujaa wangu Raphael ni fundi mstaafu wa Miyuji, geti lake la bluu kama letu, mbwa wake mvivu kama wetu, na mkewe Jenifa ni Yasinta mwenyewe, kimo chake, goti lake la kushoto linalosumbua kipindi cha baridi, mlenda wake, kukoroma kwake, hata ugomvi wake na muuza mkaa. Yasinta alicheka mpaka karanga zikamwagika, akasema, “Huyu si ni mimi kabisa!”

Kufika sura ya sita nikaona hakuna kinachotokea, nyumba nzima iko salama, nikamuua Jenifa. Nilimuua kistaarabu, presha tu, hakuteseka. Yasinta akaacha karanga. “Nimekufa?” Nikamwambia si wewe mama, ni Jenifa. “Jenifa mwenye goti langu?” Kisha akauliza msibani nani alipika, nikakiri kwamba hapo sikuandika, akashika kichwa, “Yaani nimezikwa watu hawajala!”

Ningeishia hapo labda ningepona, lakini nikaendelea na sura ya saba, ambamo Raphael anakutana na Hilda, mtumishi wa bungeni, gauni la zambarau, anacheka taratibu kama mtu anayemimina maji kwenye glasi, kurasa nne nzima, na huyu Hilda, Shangazi, nakuapia, nilimbuni mwenyewe kwa jasho langu, ndicho kitu pekee nilichobuni kwenye kitabu kizima! Nikasoma mpaka pale Raphael anapomwomba wafunge ndoa, Hilda anaweka kikombe mezani, anamtazama, na kabla sijafungua ukurasa Yasinta akasimama. “Geti ni letu, mbwa ni wetu, goti ni langu. Halafu huyu peke yake ndiye wa kubuni?” Na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Asubuhi yake akapitia sokoni Majengo kuulizia akina Hilda wote, hadi bibi mmoja muuza mchele, naye jina lake Hilda, ana wajukuu na magongo mawili, akanipigia simu kuniuliza nimemtangaza wapi. Toka hapo Yasinta akapanda gari kwenda kwa mama yake Mlali. Anapiga simu kuulizia kama kuku wamekula, kisha anauliza, “Na huyo mwanamke wako, alikubali?” Mimi naapa, “Mke wangu, hayupo!” naye anakata simu kwa hasira. Binti yetu Elieth anasema nikichome kitabu. Shangazi, nyumba imepoa, chai nainywa peke yangu na hakuna wa kumsomea. Nikichome, mke wangu arudi?

Octavian, Miyuji.

*

Marahaba, Octavian. Umri umekwenda, lakini kwa mambo ya mapenzi bado uko chekechea, kwa hiyo naipokea bila aibu.

Pole kwa upweke. Pole imeishia hapo, sasa nisikilize. Wewe mwanaume una wazimu? Unamuua mwenzio mbele yake, anachambua karanga za nyumba yenu, na msibani hata uji hukuweka! Kule kwetu Kondoa wangekususia.

Lakini kosa lako si kifo. Rudia barua yako mwenyewe. Hilda, mtu asiyekuwepo, umempa gauni, kicheko na kurasa nne. Yasinta, aliyekuvumilia na friji lako, umempa kimo, goti na kukoroma. Hiyo si kumwandika mke, hiyo ni ripoti ya ukaguzi wa pampu! Mwanamke amesikiliza sura sita akingoja mahali utakaposema unampenda, akasikia presha. Mimi ningeenda mbali zaidi ya Mlali.

Kuchoma, usithubutu. Ukikichoma ataamini umeficha ushahidi, na Hilda atakuwa wa kweli mpaka mtakapozikana.

Sasa kaa hapo mezani umwandike Jenifa upya kabla hajafa. Raphael alimwona wapi mara ya kwanza? Alivaa nini siku hiyo? Nani alimchekesha nani? Usiniambie hukumbuki, mtu anayekumbuka kila mota aliyoifunga. Msiba nao uupe sufuria za kutosha, wali, nyama, na muuza mkaa aje alie kuliko wote. Ukimaliza, mpitie yule bibi wa mchele umwombe radhi, na ununue mchele wake hapo hapo. Kisha beba mchele huo, sukari na kitenge kizuri, tafuta mtu mzima mmoja wa kwenu, nendeni Mlali. Mwamkie mama mkwe, kaa ulipowekwa, na usianze kueleza maana ya fasihi.

Kuhusu zile simu, kaka yangu, nimecheka mpaka fundi mitambo wa redio akanichungulia. Mwanamke anayetaka kuachika hapigi simu kuulizia kuku. Anakuuliza kama Hilda alikubali, wewe unajibu hayupo! Yeye umemwacha na kikombe mezani, anataka kujua kilichofuata, na hasira yake nusu ni wivu, nusu ni kukatishwa hadithi.

Kwa hiyo ule ukurasa ambao hukuufungua uache nyumbani, usiubebe. Msomee Jenifa mpya mbele ya mama yake, aone haya kidogo. Akikuuliza tena kama Hilda alikubali, mwambie jibu liko Miyuji, na linasomwa baada ya chai.