Ubeti wa Pili wa Igizo la Krismasi

Kendi wangu,

Huku Kibirichia tu wazima. Mguu wa babu yako umepona, sasa ameanza tena kutugombeza. Simu ya posta ingali imeharibika, ndiyo maana naandika.

Umeuliza kama yule Mfaransa unayemsoma chuoni Embu, mwandishi wa maneno ya opera, aliumia watu wakimsifu mtunga muziki peke yake. Simjui. Lakini nikiwa msichana, mwalimu wa kwaya alitunga muziki wa igizo la Krismasi, nami nikatunga maneno, nikiyajaribu kwa kuyaimba shambani tukipalilia viazi na wanawake wenzangu. Sifa zote akapewa yeye. Nilinuna!

Siku yenyewe, waimbaji wakasahau ubeti wa pili. Nikainamisha kichwa. Ndipo wale wanawake wa shambani wakauimba kutoka viti vya nyuma, wote, bila kukosea. Nikashusha pumzi, mama. Tangu siku hiyo sijamuuliza mtu jina langu liko wapi.

Nyanya yako