Uzito wa Kiti cha Nyuma

Cyangugu, Jumanne, 1998

Kumbe si tairi mbovu, kama nilivyomshikilia fundi Anselme asubuhi nzima. Magurudumu ya nyuma yanatazama nje, ndiyo maana gari langu dogo la mbio linatupa mkia kwenye kona za msitu wa Nyungwe. Alivuta uzi ubavuni, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, akanionyesha.

Kisha akaleta mifuko ya mchanga. Paralelizimu ya nyuma, yaani unyoofu wa magurudumu, alisema, hupangwa gari likiwa na uzito wake wa kila siku.

"Papa, kule nyuma banaikalaka bantu ngapi?" fundi akaniuliza.

Mke wangu hukaa huko na watoto wetu wawili. Sijawaona tangu vita viingie Bukavu, ng'ambo ya mpaka, walikokuwa. Mwaka wa pili huu nagombana, kanisani, sokoni, ofisini, na yeyote anayeniambia niwahesabu miongoni mwa wafu. Watu hao nimewaita waoga.

"Tutie mifuko ngapi, Papa?"

"Usitie hata mmoja."

Akakaza bolti. Ukali wangu wote huo, na ni mimi mwenyewe niliyewapa ushindi wale niliowaita waoga.

Gari sasa limenyooka, mradi nyuma pasikae mtu.